Kusafiri kwa Ndege Ukiwa na Mafua: Hesabu Mishuko, Usihesabu Saa

Mafua ni ugonjwa ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa ugonjwa. Mtu huamka pua imeziba, hunywa chai ya tangawizi, huenda kazini, na baada ya wiki moja husahau kwamba aliugua. Ndiyo maana msafiri mwenye tiketi ya kesho asubuhi haoni sababu ya kujiuliza lolote kuhusu kamasi zinazomsumbua usiku wa leo, na mara nyingi safari yake huenda vizuri mpaka dakika ishirini za mwisho, ndege inapoanza kushuka, ndipo sikio moja linapoanza kuuma kana kwamba linatobolewa kwa msumari. Mimi yalinikuta katika safari ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ambayo haifikishi hata saa moja angani, na kwa siku nne zilizofuata nilikuwa nikiwasikia watu kana kwamba wanazungumza kutoka ndani ya mtungi. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimesafiri na mafua makali zaidi kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi bila kuumia hata kidogo. Nilidhani ni bahati tu, lakini nilipotafuta maelezo niligundua kwamba sababu yake inaeleweka, na kwamba msafiri anaweza kuijua kabla hajaondoka nyumbani.

Kinachotokea ndani ya sikio

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, kinachoitwa sikio la kati. Chumba hicho hupata hewa kupitia mrija mmoja tu, mwembamba, unaotelemka mpaka nyuma ya pua, juu kidogo ya koo. Mrija huo hukaa umefungwa karibu wakati wote na hufunguka kwa kitambo kidogo tu tunapomeza mate au kupiga miayo. Ule mlio mdogo unaousikia masikioni unapomeza ndio sauti ya kufunguka kwake.

Ndege kubwa inapokuwa mita 11,000 juu, hewa iliyomo ndani ya chumba cha abiria si ile ya nje, ambayo haimtoshi mtu, wala si hewa nzito ya pwani. Mitambo huigandamiza mpaka ifanane na hewa ya mahali penye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400 kutoka usawa wa bahari. Ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350 hukaa karibu na kiwango cha chini, na nyingine nyingi husogea karibu na kile cha juu. Kwa lugha nyepesi, abiria wa ndege ya kawaida husafiri akiwa kama mtu aliyeketi mahali palipo juu kidogo kuliko Eldoret au Limuru.

Ndege inapopaa, hewa iliyomo ndani ya sikio la kati hutanuka na kujisukumia nje kupitia ule mrija, na kwa kuwa hewa inayotoka hujifungulia njia yenyewe, hata mwenye mafua kwa kawaida haumii sana wakati wa kupaa. Taabu huja wakati wa kushuka. Hapo hewa ya nje huwa nzito kuliko ya ndani, kiwambo cha sikio husukumwa kuelekea ndani, na sikio huhitaji kuingiziwa hewa. Lakini mdomo wa mrija ni laini, na badala ya kufunguka hubanwa na tofauti hiyohiyo ya hewa, mithili ya mfuko wa nailoni unapoufyonza hewa kwa mdomo. Mtu mzima wa afya humeza mate mara mbili tatu na mambo yakaisha. Mwenye mafua, ambaye ngozi ya ndani ya mrija wake imevimba na imejaa ute, humeza mate na hakuna kinachofunguka. Chupa ya plastiki uliyoifunga ukiwa angani kisha ukaikuta imebonyea ulipotua Dar es Salaam ndiyo picha halisi ya sikio lako.

Jambo lilelile hutokea katika mapango ya hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya paji la uso na mashavu. Yakiziba kwa kamasi, maumivu yake huja ghafla juu ya jicho au kwenye mashavu, na wakati mwingine hudhaniwa kuwa ni jino.

Viwanja utakavyotua

Kutokana na hayo, swali la kwanza la msafiri mwenye mafua lisiwe ni saa ngapi atakaa angani, bali ni mara ngapi atashuka na kila mara atashuka mpaka wapi. Kiwanja cha Jomo Kenyatta cha Nairobi kiko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kigali iko karibu mita 1,490, Entebbe karibu 1,155, Kilimanjaro karibu 894. Bole ya Addis Ababa ina mita 2,334, yaani karibu sawa na hewa ya ndani ya ndege yenyewe. Kwa upande mwingine, Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar, Muscat, Dubai na Doha zote ziko chini ya mita 70.

Ukifanya hesabu utaona uzito wa jambo hili. Kutoka kwenye hewa ya mita 2,400 hadi pwani, mgandamizo wa hewa huongezeka kwa takriban theluthi moja; kutoka hewa hiyohiyo hadi Nairobi, huongezeka kwa sehemu moja ya kumi hivi. Wataalamu wa tiba ya wasafiri wa anga wamejua tangu miaka ya 1930 kwamba tofauti ya mgandamizo baina ya ndani na nje ya sikio ikifikia karibu milimita 90 za zebaki (ndicho kipimo cha mgandamizo wa hewa), misuli inayofungua mrija hushindwa nguvu na mrija hujifunga kabisa. Mshuko kamili mpaka pwani, kama sikio halikuingiziwa hewa hata mara moja njiani, huleta tofauti inayozidi mara mbili ya kiasi hicho, ilhali mshuko wa Nairobi haukifikii. Hilo ndilo lililonipata mimi: safari ya kwenda Nairobi ilinipandisha na kunishusha kidogo tu, na ile ya kwenda Mombasa, ingawa ilikuwa fupi, ilinishusha kutoka juu mpaka baharini. Hata kama ndege hiyo isingepanda kabisa, tofauti ya mwinuko kati ya miji hiyo miwili peke yake inakaribia mita 1,560.

Kwa msafiri wa mbali, maana yake ni kwamba ndege mbili za kuunganisha zinaweza kuwa na madhara tofauti kabisa hata kama bei na saa zake zinalingana. Anayetoka Nairobi kwenda London kwa kupitia Doha au Dubai atashuka mpaka usawa wa bahari mara mbili, na mara ya pili atashuka akiwa na sikio ambalo huenda limekwisha kuumia. Anayepitia Addis Ababa hatasikia mengi katika kituo hicho cha kati, na mtihani wake utakuwa mmoja tu, ule wa mwisho. Ndege ya moja kwa moja ni nafuu kuliko zote kwa masikio, ijapokuwa si nafuu kwa mfuko.

Ndege ndogo zina utaratibu wao. Zile za injini moja zinazopeleka watu Zanzibar, Mafia, Serengeti na Maasai Mara, kama vile Cessna Caravan, hazina mitambo ya kugandamiza hewa, kwa hiyo sikio hupanda na kushuka pamoja na ndege yenyewe. Safari ya Dar es Salaam kwenda Unguja ni ya dakika ishirini hivi na ndege haipandi sana, lakini safari za bara huweza kufika mita 3,000 au zaidi ili kuvuka nyanda za juu. Uzuri wa ndege hizo ni kwamba rubani yuko mbele yako na unaweza kuzungumza naye kabla ya kuondoka. Ukimweleza kwamba una mafua, anaweza kushuka polepole zaidi, hali ikiruhusu.

Nisisahau njia nyingine. Boti ya kwenda Unguja huchukua kama saa mbili na haina mshuko wowote. Treni ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hushuka karibu mita zilezile 1,600, lakini huzishuka kwa saa tano na zaidi, na sikio hupata nafasi ya kutosha ya kujisawazisha lenyewe. Ningekuwa na busara hiyo siku ile, ningeipanda.

Kuamua kusafiri au kuahirisha

Kuna kipimo rahisi ambacho kila mtu anaweza kukifanya akiwa nyumbani. Penga kamasi taratibu, pua moja baada ya nyingine, kisha ziba pua kwa vidole na umeze mate. Ukisikia mlio mdogo katika masikio yote mawili, mirija yako bado inapitisha hewa, na kwa tahadhari unaweza kusafiri. Ukisikia katika sikio moja tu, au usisikie kabisa, rudia jaribio hilo nusu saa baada ya kutumia dawa ya kuzibua pua. Sikio ambalo halifunguki ukiwa ardhini, pamoja na dawa, halitafunguka angani, na mtu aliye katika hali hiyo anayetarajia kutua pwani ni heri asogeze safari kwa siku mbili tatu. Mafua ya kawaida huwa makali zaidi katika siku ya pili na ya tatu, kwa hiyo kuahirisha kidogo mara nyingi hutosha kubadili hali.

Asisafiri kabisa, mpaka atakapomwona daktari, mtu ambaye sikio linamuuma tayari akiwa ardhini, linalotoa usaha, au anayeumwa sana usoni pamoja na kamasi nzito na homa. Ni hivyo hivyo kwa aliyefanyiwa upasuaji wa sikio au wa pua katika wiki za karibuni. Mashirika mengi ya ndege huweza kumzuia abiria anayeonekana mgonjwa asipande, na mengine hukubali kubadili tarehe kwa masharti mepesi zaidi ukiwa na barua ya daktari. Piga simu kabla ya siku ya safari, kwa sababu aliyekosa ndege bila taarifa hupoteza zaidi ya aliyeomba mapema.

Homa inahitaji neno lake. Katika Kiswahili cha kila siku tunasema "homa ya mafua" kwa wepesi, lakini mafua ya kawaida kwa mtu mzima mara chache huleta joto kali la mwili. Anayeishi pwani, kandokando ya Ziwa Victoria au mahali popote penye malaria, akipata homa na kuumwa kichwa asijihukumie mafua. Apimwe malaria kwanza, kipimo cha haraka hutoa jibu katika muda usiozidi nusu saa. Na kama homa itamwanza baada ya kufika Ulaya, Marekani au Ghuba, amwambie daktari wa huko mapema kwamba ametoka Afrika Mashariki, kwa maana daktari asiyeona malaria kila siku anaweza asiifikirie. Kumeza parasetamoli ili kamera za joto za uwanjani zisikugundue ni kujidanganya mwenyewe na kuwadanganya watu wa afya ambao kazi yao ni kutafuta magonjwa mabaya kuliko mafua yako.

Dawa, na vile visivyo dawa

Dawa inayosaidia zaidi ni ile inayopunguza uvimbe wa ndani ya pua na wa mdomo wa mrija. Ya kupuliza au ya matone, yenye oksimetazolini au zailometazolini, hufanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu kwa saa kadhaa. Itumie nusu saa kabla ya ndege kuanza kushuka, siyo kabla ya kugusa ardhi. Kwa safari fupi kama ya Nairobi na Mombasa hiyo inamaanisha kuipuliza ukiwa bado kwenye ukumbi wa kusubiria. Katika safari ndefu usiimalize mapema kwa kuipuliza kila unapohisi pua nzito, kwa kuwa kipimo kina idadi yake kwa siku, na cha muhimu ni kile cha kabla ya kushuka. Wala isitumike zaidi ya siku tano hivi mfululizo, kwa sababu pua huizoea na uvimbe hurudi mkali kuliko wa kwanza.

Vidonge vyenye pseudoefedrini navyo husaidia watu wazima, vikimezwa angalau nusu saa kabla ya safari, lakini huongeza mapigo ya moyo na kupandisha presha. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, ugonjwa mkubwa wa figo, presha ya macho au tezi dume iliyovimba asivimeze kwa kuambiwa na jirani, na mjamzito amuulize daktari wake. Watoto wadogo wasipewe kabisa. Angalia pia jina lililoandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa vidonge vingi vya mafua madukani vina fenilefrini badala yake. Mwaka 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani lilikubaliana kwa kauli moja kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa kipimo kinachouzwa madukani, haizibui pua. Ukiitegemea hiyo kwa ajili ya sikio lako utakuwa umetegemea hewa.

Vidonge hivyohivyo vya mafua mara nyingi vina parasetamoli na klofeniramini ndani yake. Ukimeza viwili vya mafua, kisha ukaongeza viwili vya maumivu ya kichwa, utakuwa umemeza parasetamoli mara mbili bila kujua, na mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, katika saa 24. Klofeniramini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Piriton, huleta usingizi, na usingizi ni mzuri katikati ya safari lakini ni adui wakati wa kushuka, kwa kuwa aliyelala humeza mate mara chache sana.

Anayekwenda nje asibebe dawa bila kusoma sheria za anakokwenda. Umoja wa Falme za Kiarabu unadhibiti dawa zenye kodeini, zikiwemo baadhi ya dawa za maji za kikohozi, na msafiri anapaswa kuomba kibali kabla ya kuziingiza. Japani hairuhusu dawa yenye pseudoefedrini inayozidi asilimia 10. Dawa ibaki ndani ya pakiti yake, pamoja na karatasi ya daktari kama ipo. Kuhusu mkoba wa mkononi, viwanja vingi bado vinafuata kikomo cha mililita 100 kwa kila chupa ya kimiminika. Dawa ya lazima huruhusiwa kuzidi hapo ukiionyesha kwa wakaguzi, lakini chupa kubwa ya asali na ndimu itaishia kwenye pipa, na nimewahi kuona mama mmoja akisononeka kwa hilo.

Maji ya chumvi yanafaa kuliko yanavyodhaniwa. Changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha osha pua asubuhi ya safari. Anayetawadha mara tano kwa siku hataona ugeni katika kupandisha maji puani, ila hapa maji yaingie zaidi na yawe yamechemshwa kwa hakika. Kujifukiza kwa mvuke hulegeza kamasi kwa muda mfupi na hakuna ubaya, mradi sufuria iwekwe mahali imara, kwa sababu wapo waliojiunguza wakitafuta nafuu. Kutia mafuta ya nazi au ya kitunguu saumu sikioni hakusaidii hata chembe, kwa kuwa mafuta yanabaki upande huu wa kiwambo na shida iko upande wa pili. Vikombe vyenye kitambaa kilicholowa maji ya moto vinavyobandikwa masikioni na baadhi ya wahudumu wa ndege huliwaza tu, na maji yakidondoka huunguza.

Ndani ya ndege

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, mara nyingi unyevunyevu wake hauzidi asilimia 20, na ukavu huo huzifanya kamasi ziwe nzito na kunata. Kunywa maji kidogo kidogo safari nzima, punguza pombe, na kama una maji ya chumvi ya kupuliza, yatumie kila baada ya saa moja au mbili.

Mwombe mhudumu akuamshe kabla ya kushuka, au weka kengele ya simu. Safari ndefu hutangaza kushuka takriban nusu saa kabla ya kutua, na hapo ndipo kazi yako inapoanza. Tafuna bigijii au nyonya pipi, na umeze mate mara kwa mara hata kabla ya kuhisi chochote, kwa kuwa kosa kubwa ni kusubiri maumivu: yakishafika, tofauti ya mgandamizo imekwisha kuwa kubwa na mrija umekwisha kujibana. Kila baada ya dakika moja au mbili ziba pua kwa vidole na umeze mate. Hilo lisipotosha, vuta pumzi ya kawaida, funga mdomo, ziba pua, na usukume hewa taratibu kama mtu anayepuliza kipande cha karatasi kisisogee mbali. Namna hii ya pili inaitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Kiitaliano wa karne ya 17 na ya 18, na ina sharti moja kubwa ambalo watu hulivunja: isifanywe kwa nguvu. Anayepuliza mpaka macho yakatoka husukuma kamasi zenye vijidudu kuingia katika sikio la kati, na anaweza hata kuliumiza sikio la ndani. Sikio likigoma, acha, meza mate, pumzika kidogo, ujaribu tena.

Mtoto mchanga hawezi kuelekezwa, na mrija wake ni mfupi na mwembamba zaidi, umelala karibu sawa na ardhi, hivyo huziba upesi. Mama amnyonyeshe au ampe chupa wakati ndege inashuka, na afanye subira ya kutomlisha kabla ya hapo ili wakati huo awe na hamu. Akilia, kilio chenyewe humsaidia, maana humfanya ameze. Abiria wa jirani wavumilie. Mtoto mkubwa kidogo apewe pipi ya kijiti au kinywaji chenye mrija, na aamshwe hata kama analia kwa usingizi.

Halafu kuna jirani. Ndege kubwa huchuja hewa kwa vichujio vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe ndogo, na hewa yote ya chumba hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa, lakini kichujio hakiwezi kuwahi chafya inayomfikia mtu aliye sentimita 50 kutoka kwako. Vaa barakoa na ubebe mbili za akiba kwa kuwa hulowa, chukua karatasi za kutosha na mfuko wa kuzitupia, na ukipata kuchagua, keti dirishani ambako hutapishana na watu. Si ujinga kumwambia aliyeketi karibu nawe, kwa sauti ya chini, kwamba una mafua na utajitahidi. Mara nyingi atakupa karatasi zake.

Baada ya kutua

Sikio lililoziba baada ya safari kwa kawaida huzibuka ndani ya saa chache, na mara nyingine huchukua siku kadhaa. Endelea kumeza mate na kuziba pua kwa utaratibu uleule, endelea na maji ya chumvi, na meza parasetamoli kama kuna maumivu. Usichokonoe kwa kijiti cha pamba, kwa kuwa hakuna nta inayoziba. Kinachoziba kiko ndani zaidi ya mahali kijiti kinapoweza kufika. Anayekwenda Zanzibar au Mafia kuzamia asizamie mpaka masikio yafunguke vizuri, kwani mita kumi tu za maji huongeza mgandamizo mara mbili.

Mwone daktari, na hasa wa masikio, pua na koo kama yupo karibu, iwapo maumivu makali yameendelea zaidi ya siku moja, sikio limetoa damu au maji, usikivu haujarudi baada ya siku chache, au unahisi kizunguzungu na dunia inazunguka. Kiwambo kilichotoboka mara nyingi hujiziba chenyewe katika wiki chache, lakini kinahitaji kuangaliwa, na wakati huo maji yasiingie sikioni. Kizunguzungu kikali pamoja na kupungua kwa usikivu ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo, si la kusubiri.

Ukiwa na tiketi ya kurudi, fanya kile kipimo cha kuziba pua na kumeza mate jioni ya kabla ya safari. Mimi nilirudi Nairobi siku ya tano kwa treni, na sikio lilifunguka lenyewe mahali fulani karibu na Mtito Andei, kwa mlio mdogo ulionifanya nigeuke kuangalia nani aliyeniita.